Kilemba cha Ukoka Ulingoni

Wako watu wawili nisiopenda kuzungumza nao habari za mieleka ya Marekani. Wa kwanza ni yule aaminiye kuwa yote ayaonayo ni kweli, kuwa watu wale wamechukiana kufa na kupona, na kuwa lau si refa wangetoana roho. Wa pili ni yule aliyegundua, ati kwa akili zake mwenyewe, kuwa matokeo hupangwa kabla ya kengele kulia. Basi tangu siku hiyo hukunja uso na kusema kuwa ni urongo mtupu, na kuwa mtu mzima hana haki ya kupoteza wakati wake kwa urongo. Yule wa kwanza namsamehe, kwani aghalabu huwa ni mtoto. Huyu wa pili ndiye nitakaye kusemezana naye leo.

Bwana mjuzi, siri hiyo hukuivumbua wewe. Mwaka 1989 wakuu wa kampuni ya WWF walitamka wazi mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kuwa mieleka yao ni burudani, wala si shindano la kweli. Hawakusukumwa na toba. Walichotaka ni kuondokewa na usimamizi na kodi za tume ile isimamiayo ngumi. Tangu hapo kila mwenye masikio amesikia. Na mbona kirumbizi cha Lamu hatukiiti urongo? Wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo zao, zumari ikalia, ngoma zikajibu, wakarukiana na kukingana kana kwamba mmoja wao hatarudi kwake. Na kila mtazamaji ajua kuwa hakuna atakayepasuliwa kichwa kwa kusudi. Raha yake ni ustadi: nani aingia kwa mdundo, nani akinga kwa wakati, nani ajua kurudi nyuma bila ya kuonekana mwoga. Mchezo wa vita hautaki damu ndipo uwe na maana.

Kwa hivyo suali la kuuliza si kama mapambano yamepangwa. Yamepangwa. Suali ni hili: nani kayapanga, na kayapanga vipi?

Nyuma ya kila ulingo yuko mtu ambaye mtazamaji hamuoni. Huyo ndiye mpangaji. Yeye ndiye aamuaye nani ataitwa bingwa na nani atavuliwa mkanda. Nani atapendwa na nani atazomewa. Pambano litachukua dakika ngapi na litaisha kwa haki au kwa hila. Wapiganaji huambiwa mwisho. Hatua za katikati mara nyingi huzitunga wao wenyewe papo hapo, wakiusikiliza ukumbi kama mwimbaji asikilizavyo hadhira yake. Wala msidhani kuwa miili yao nayo hucheza. Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, Owen Hart alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka darini ili aingie ulingoni kwa madaha, akaanguka, akafa. Na onyesho likaendelea usiku ule ule. Aliyeamua ateremke vile, na aliyeamua liendelee, hawakuwa refa wala mpinzani wake.

Mimi ni mtu wa mashairi, na mpangaji humpima kwa kipimo ninachompimia mtunzi. Mtunzi huanza kwa kuahidi. Akikuwekea kina katika ubeti wa kwanza, amekukopa, na yafaa alipe. Na kituo chake kiwe ndicho kilichokuwa kikingojewa, japo hukujua kuwa wakingoja. Mpangaji naye ni vivyo hivyo. Chuki aliyoipanda lazima iwe na sababu, na kisasi alichokiahidi lazima kije kwa wakati wake.

Nitatoa mfano. Tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac, Michigan, kampuni ilitangaza kuwa wameingia watu 93,173, idadi ambayo wengine wameibishia hadi leo. Walikwenda kumwona Hulk Hogan akipambana na Andre, lile jitu la Kifaransa. Nalo, ambalo mwili wake ulikuwa umeshaanza kulisaliti, likakubali kuinuliwa na kubwagwa chini ili sifa yake irithiwe na mwingine. Hilo ni jambo la kiungwana na ndilo lililoingia katika historia. Lakini mimi nasema, na sioni haya, kuwa shairi la siku ile lilikuwa ni pambano la Randy Savage na Ricky Steamboat. Miezi michache kabla, Savage alikuwa amemwumiza Steamboat koo kwa kengele ya ulingo. Kila mtu alingoja damu. Steamboat alipokuja, hakuja kulipa koo kwa koo. Alikuja kuchukua mkanda, na akauchukua kwa wepesi wa mwili na akili, robo saa ya kupumua kwa shida kwa kila aliyekuwa akitazama. Kosa lilikuwako, kisasi kilikuwako, na kisasi kikawa kizuri kuliko kosa. Huo ndio utunzi.

Na utunzi mbaya pia nautaja. Kampuni ya WCW ilikuwa na mashabiki hata ikaipiku WWF kwa idadi ya watazamaji majuma 83 mfululizo, kati ya mwaka 1996 na 1998. Ilikuwa na mtu aitwaye Goldberg ambaye hajashindwa hata mara moja. Watu walikuja kuhesabu ushindi wake kama wahesabuo tasbihi. Tarehe 27 Desemba 1998 wakamwangusha, tena kwa hila ya silaha ya umeme. Haya, yawezekana, labda kisasi kilikuwa njiani. Siku nane baadaye, mjini Atlanta, badala ya kisasi watu walionyeshwa Hogan akimgusa bingwa Kevin Nash kifuani kwa kidole kimoja, na Nash akajiangusha chali, akajiachia ahesabiwe, na mkanda ukahama kwa Hogan. Sisemi kuwa kidole kimoja kiliiua kampuni. Makosa yao yalikuwa mengi na ya aina nyingi. Lakini Machi 2001 WCW iliuzwa kwa adui yake, na mashabiki wengi wakikuelezea mwanzo wa mwisho hukutajia kidole kile. Mtu alinunua tikiti akachekwa. Hasahau.

Mpaka hapa nadhani bwana mjuzi ameanza kunielewa. Sasa nifikie lile hasa linaloniuma, nalo latuhusu sisi watu wa pwani zaidi kuliko wengi.

Mpangaji huhitaji mwovu. Bila ya mwovu hakuna shujaa. Na njia za kumpata mwovu ni mbili. Njia ya kwanza ni kitendo: Savage alimwumiza mwenziwe koo, basi ni mwovu, na tukimzomea twajua twamzomea kwa nini. Njia hii yataka kazi, yataka subira, yataka majuma na miezi. Njia ya pili ni rahisi: humchukua mtu, akamvika nguo za watu ambao hadhira inawachukia tayari, akamsukuma ulingoni. Hana haja ya kufanya kitu. Akitokea tu, ukumbi wazomea. Waswahili husema kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumsifu kwa sifa zisizo na mizizi. Wapangaji wa Marekani wamekishona kilemba hicho kwa namna nyingine: cha ukoka vile vile, kisicho na ukweli ndani yake, lakini cha kuvikwa mtu apate kulaaniwa.

Walianza na mataifa mengine. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kumbi za Marekani zilijaa Wajerumani na Wajapani wa uongo na wa kweli. Fritz von Erich, Mjerumani wa kutisha, jina lake hasa lilikuwa Jack Adkisson, na kwao ni Texas. Baadaye zikaja zamu za Warusi. Nikolai Volkoff, aliyewaudhi watu kwa kuimba wimbo wa taifa wa Urusi ya Kisovieti kabla ya kupigana, alizaliwa Split katika Yugoslavia, na alikuwa ameukimbia utawala wa kikomunisti. Wote hao walivaa kilemba cha ukoka. Lakini kuna kilemba kilichokuwa kilemba hasa.

Kiangalieni hiki. Ed Farhat alizaliwa mwaka 1926 mjini Lansing, Michigan, kwa wazazi wa Kikristo waliotoka Lebanon. Alikuwa Mmarekani, na alilitumikia jeshi la Marekani. Ulingoni akaitwa The Sheik: Mwarabu mwendawazimu kutoka Syria, asiyesema lugha ya watu, arushaye moto machoni mwa wenzake na kuwakatakata kwa vitu alivyovificha. Na kabla ya kuanza ukatili wake alikuwa akitandika msala ulingoni, akapiga magoti kama aswaliye. Watu wakazomea. Aliyempangia hayo nani? Kwa miaka mingi mwenye onyesho la Detroit alikuwa ni Farhat mwenyewe. Yeye bwana, yeye mpangaji, yeye mwovu. Alikuwa hodari, hilo halina shaka, na wapiganaji wengi waliomfuata walimwiga. Lakini tazameni bidhaa aliyoiuza. Msala si silaha. Msala ni kitu ambacho mama wa kila msomaji wa ukurasa huu amekikunja na kukiweka mahali pa juu ili kisikanyagwe. Yeye alikitumia ili watu wajue, kabla hajamgusa mtu, kuwa huyu ni mwovu.

Akaja Iron Sheik. Huyu Hossein Khosrow Ali Vaziri, aliyefariki Juni 2023, alikuwa Muirani wa kweli, na mieleka aliijua ile ya kweli, kwani alisaidia hata kuifundisha timu ya Marekani. Mateka wa Kimarekani walikuwa wamekaa Tehran siku 444, wakaachiwa Januari 1981, na jeraha lilikuwa bado bichi. Tarehe 26 Desemba 1983, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akamnyang'anya ubingwa Bob Backlund. Na tazameni ufundi wa mpangaji: Backlund hakusalimu amri, meneja wake ndiye aliyetupa taulo, ili heshima ya shujaa isichafuke. Zikapita wiki nne tu. Tarehe 23 Januari 1984, katika ukumbi ule ule, Hulk Hogan akamwangusha Muirani na Marekani nzima ikapiga vigelegele. Iron Sheik alikuwa daraja tu la kuuvusha mkanda kutoka kwa bingwa mmoja hadi mwingine. Kwa ufundi, nampa mpangaji alama zote. Hapakuwa na neno la ziada. Lakini uovu wa mtu yule ulikuwa nini? Viatu vyake vya ncha zilizopinda, bendera yake, na jina la nchi yake. Zaidi ya hapo alikuwa ni mpiganaji kama wenziwe.

Na kama mwadhani kuwa wapangaji hawa walikuwa na uchungu wa kweli na Iran, sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1990, kabla ya vita vya Ghuba kuwaka mwezi wa Januari 1991, WWF ilimchukua Sergeant Slaughter, aliyekuwa kipenzi cha watu kwa kucheza askari wa Marekani, ikamfanya msaliti aliyejiunga na Iraq. Tarehe 19 Januari, siku mbili tu baada ya mabomu ya kwanza kuanguka Baghdad, akapewa ubingwa. Machi 24 Hogan akauchukua. Pembeni yake aliwekwa Jenerali Adnan. Huyu Adnan Al-Kaissie alikuwa mtoto wa Baghdad kweli kweli, na huko kwao alipigana kama shujaa wa taifa mbele ya umati mkubwa. Lakini Marekani, kabla ya kuvishwa ujenerali, alikuwa amevishwa manyoya akaitwa Billy White Wolf, Mhindi Mwekundu! Kisha akaletwa wa tatu, Kanali Mustafa, Muiraki mwenye magwanda. Mtazamaji akitupa jicho, alaa, ni Iron Sheik yule yule! Mtu aliyeipeperusha bendera ya Iran sasa anavaa sare ya Iraq, baada ya nchi hizo mbili kupigana miaka minane, kuanzia 1980 hadi 1988, na kuzika vijana wao kwa malaki. Mpangaji hakuona tofauti. Kwake yeye masharubu yalikuwa ni yale yale.

Yuko atakayenikatiza: "Mwandishi, huu ni mchezo. Hata Muhammad Ali, ambaye sisi sote twampenda, alijifanya mwovu ili auze tikiti." Ni kweli, na mfano huo naupokea kwa mikono miwili. Ali mwenyewe alieleza kuwa mwaka 1961, akiwa bado Cassius Clay, alikutana Las Vegas na mwanamieleka Gorgeous George, aliyejaza kumbi kwa maringo yake, kwani watu walilipa wapate kumwona akipigwa. Ali akaichukua ile fimbo. Lakini fimbo aliishika yeye. Majigambo yake aliyatunga mwenyewe, na alipotangaza Uislamu wake mwaka 1964, aliutangaza kwa kinywa chake wala hakuvishwa na mtu wa kumpangia. Waliomchukia walichukia maneno aliyoyasema na mambo aliyoyafanya. Tofauti ya mtu aliyechagua kuwa mwovu na mtu aliyeandikiwa uovu kwa sababu ya kilemba ni kubwa, wala si ya kupitiwa haraka.

Mfano unaonihuzunisha kupita yote ni wa mwaka 2004 na 2005, kwa sababu hapo mpangaji alikuwa na shairi zuri mkononi. WWE ilimleta Muhammad Hassan, Mmarekani mwenye asili ya Kiarabu. Aliyemchezea ni Marc Copani, kijana wa New York mwenye asili ya Kitaliano, hilo tuliache. Hassan alipoanza, maneno yake yalikuwa ya haki. Alisema kuwa yeye ni Mmarekani kama wengine, na kuwa tangu Septemba 2001 anatazamwa kwa jicho la shaka kila apitapo. Nani kati yetu hakupata kusikia malalamiko hayo kutoka kwa jamaa aliyesafiri? Mtunzi mwenye adabu angelichukua neno hilo akalipeleka mahali. Mpangaji akafanya nini? Akalifanya lile lalamiko lenyewe kuwa ndio alama ya uovu. Hassan alipodai haki, ukumbi ulifunzwa kuzomea. Mwishowe, katika onyesho lililotangazwa Marekani tarehe 7 Julai 2005, Hassan alipiga magoti kama aombaye dua, na watu waliofunika nyuso wakaja kumkaba Undertaker. Siku hiyo hiyo mabomu yalikuwa yamelipuka London na kuua watu 52. Kituo cha televisheni hakikumtaka tena, na kabla ya mwezi kwisha Hassan aliondolewa. Wengi husema ilikuwa ni bahati mbaya ya tarehe. Mimi nasema tarehe ilifichua tu. Shairi lilikuwa limekwisha kuharibika tangu ubeti wa pili.

Na sasa nigeuze kidole kwetu, kwani si haki kumsema jirani ukaacha mlango wako. Kuanzia mwaka 2018 WWE ilifunga mkataba wa miaka kumi na Saudi Arabia. Onyesho la kwanza la mkataba huo lilikuwa Jeddah, tarehe 27 Aprili 2018. Mtu angedhani kuwa huko, mji ambao mahujaji wetu hushukia, kilemba cha ukoka kitatupwa. Wapi! Waliingizwa ulingoni vijana wanne wa Kisaudi waliokuwa wakijifunza mieleka. Mara wakatokea ndugu wawili wa jina la Daivari, Wamarekani wenye asili ya Iran, na bendera ya Iran mkononi. Wakapigwa, na ukumbi ukafurahi. Mpangaji alibadilisha mji, hakubadilisha mbinu. Aliuliza tu: hawa wa hapa, jirani wanayemchukia ni nani? Akamleta. Na waliopiga makofi walikuwa ni Waislamu, wakimshangilia Mwislamu akipigwa kwa kosa la bendera.

Basi je, njia nyingine ipo? Ipo, na ndiyo maana bado natazama. Yuko Rami Sebei, mzaliwa wa Quebec, Kanada, wa wazazi waliotoka Syria, Mwislamu, ajulikanaye ulingoni kwa jina la Sami Zayn. Kwa miaka mingi katika kumbi ndogo alipigana ndani ya kinyago, akijifanya Mmeksiko. Alipoingia WWE mwaka 2013 hakuvishwa kilemba. Akapewa kazi za kuchekesha, za kulalamika, za kushindwa. Kisha, mwaka 2022, likaanza lile simulizi la ukoo wa Roman Reigns, wenye asili ya Samoa. Sami akajipendekeza kwao kama yule mgeni ambaye harusi si yake lakini abeba sinia. Walimcheka, wakamzoea, wakampenda kidogo. Tarehe 28 Januari 2023 Reigns akamtia kiti cha chuma mkononi na kumwamuru ampige Kevin Owens, rafiki yake wa miaka mingi, aliyekuwa hoi chini. Sami akakiinua kiti, akampiga nacho Reigns.

Wasomaji wangu, ukumbi ulipasuka kwa kelele. Na jambo lililowapasua halikuwa kabila wala nchi. Lilikuwa ni suali ambalo kila mmoja wetu huulizwa siku moja: utamsaliti rafiki yako ili ubaki karibu na mwenye nguvu? Mtu yeyote aliyepata kukaa kwenye ua wa tajiri ajua uzito wake. Sehemu kubwa ya kisa hiki iliandikwa baada ya Paul Levesque, yule Triple H, kuushika upangaji Julai 2022, Vince McMahon alipoondoka. Sikubaliani naye kwa kila jambo. Tarehe 18 Februari 2023 Sami alipigania ubingwa huko Montreal, mbele ya watu wa kwao, na Levesque akampa kushindwa. Mimi ni katika wale wasemao alipaswa kushinda. Ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kukijua kina cha kituo, na mtunzi akakificha. Aprili 1 akamlipa nusu: Sami na Owens wakachukua mikanda ya wapiganaji wawili wawili katika pambano la mwisho la usiku. Mei 27 wakaitetea mjini Jeddah, na Sami akawasemesha watazamaji kwa Kiarabu. Ukumbi ule ule wa Waarabu ukamshangilia Mwarabu kwa kile alichokifanya. Na Aprili 6, 2024, mjini Philadelphia, alimwangusha Gunther, aliyekuwa na mkanda wake kwa siku 666. Hapo deni lililipwa.

Yuko atakayesema kuwa heshima hii imeletwa na fedha za mafuta. Huenda fedha zina mkono wake; lakini fedha hizo hizo ndizo zilizolipia ile bendera ya Iran ya mwaka 2018. Fedha hupanga ukumbi tu. Kilichokuwa tofauti kwa Sami ni kuwa mpangaji alikubali kufanya kazi: alimpa mtu kitendo, akaacha kitendo kiseme.

Na tusijidanganye kuwa mtazamaji hana nguvu. Januari 2014 mpangaji alikuwa ameshaamua nani atakuwa shujaa wa WrestleMania. Watu walimtaka Daniel Bryan, mtu mfupi asiyekuwamo katika hesabu, wakazomea kila alichowekewa mbele yao, juma baada ya juma, mpaka mpango ukavunjwa. Tarehe 6 Aprili, mjini New Orleans, Bryan akaondoka na ubingwa. Mpangaji huuza kinachonunuliwa. Kilemba cha ukoka kimeuzwa miaka yote hii kwa sababu kilikuwa na wanunuzi, na baadhi yao walikuwa hapa kwetu. Vijana wa rika langu katika Mji wa Kale walikodi kanda za vidio, na katika michezo yao ya jioni kila mtoto alitaka kuwa Hogan. Hapakuwa na aliyetaka kuwa yule mwenye kilemba, ilhali babu yake alikuwa ameketi barazani na kilemba kichwani, mtu mwema asiyepata kumdhulumu paka.

Kwa hivyo siwaambii wazazi wazime televisheni. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alitufunza kuwa mwenye nguvu hasa si abwagaye watu bali ni ajizuiaye wakati wa ghadhabu. Na sijaona mahali pazuri pa kumfundishia mtoto maneno hayo kuliko mbele ya watu wanaobwagana. Kaeni naye. Mpiganaji akitokea, ukumbi ukaanza kuzomea, muulizeni mtoto: "Huyu amefanya nini?" Akijibu kuwa amempiga mwenziwe kwa nyuma, au amemsaliti rafiki yake, mwacheni azomee, tena mzomee pamoja. Akitazama, akafikiri, akakosa jibu ila nguo na jina, mwambieni kuwa mpangaji wa leo ni mvivu, na kuwa sisi hatumpigii makofi.